Mtoza Ushuru Naye Alijiombea

Msimu wa karafuu unapoingia Kengeja, kusini mwa Pemba, nyua na kando za barabara hugeuka uwanja wa kuanikia. Karafuu zikishachumwa na kutolewa makonyo hutandazwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, mpaka rangi yake iwe kahawia iliyokolea, na katika siku hizo hakuna kitu kinachotazamwa kwa wasiwasi kama wingu. Mvua ikizikuta zingali mbichi zinaharibika, daraja linashuka kwenye mizani ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), na jasho la waliopanda mikarafuuni linakwenda bure. Lakini mara nyingi siku hizohizo ndizo za vuli. Nyumba ya pili kuna mtu aliyepanda mhogo juzi, ardhi imemkaukia, naye analitazama wingu lilelile kwa matumaini. Mmoja anaomba lipite, mwingine anaomba lishuke. Wote wawili ni watu wema, wote wana watoto wa kulisha, na wote wanamwomba Mungu mmoja. Kama sala ni hati ya madai ambayo sharti ilipwe, basi mmoja kati ya majirani hawa atakuwa amedhulumiwa.

Historia ya kisiwa ina mfano mkubwa kuliko huo. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na tangu hapo Pemba ndiyo imekuwa shamba kuu la karafuu za Zanzibar. Haitakuwa ajabu kama kuna mwenye shamba wa Pemba aliyeinua mikono mwaka ule akashukuru kwamba dua yake imejibiwa. Nani angemwambia kuwa jibu lake lilikuwa mikarafuu ya ndugu zake iliyolala chini ng'ambo ya mkondo? Na karafuu zile alizozishukuru zilichumwa na watumwa, ambao nao walikuwa na maombi yao. Ya kwao yalisubiri mpaka Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kuondoa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba, na hata baada ya hapo utekelezaji wake ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Nimeanzia Kengeja makusudi, ingawa makala hii ni ya sala ya Kikristo na Pemba ni kisiwa cha Waislamu. Kwa sensa ya 2022 kina watu zaidi ya 540,000, na Wakristo miongoni mwao ni wachache sana: waumini wa makanisa ya zamani yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 19, pamoja na walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka bara. Mkristo wa mahali kama hapo ana nafasi ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi ameipoteza. Anasali katika kundi dogo, pasipo jukwaa wala umati wa kumshangilia, na majirani zake wanasimama safu moja mara tano kwa siku bila kujali nani ni tajiri na nani ni kibarua. Katika mazingira hayo swali la sala hubaki tupu, bila mapambo: huyu anayeomba, anajiweka wapi mbele ya yule anayeombwa?

Hoja yangu ni kwamba tumekuwa tukiutafuta ubinafsi wa sala mahali pasipo pake. Tunadhani umo katika kitu kinachoombwa, kwamba anayeomba kazi, mume, watoto au mtaji anaomba kwa ubinafsi, na anayeomba amani ya dunia anaomba kwa unyenyekevu. Kwa hesabu hiyo maskini ndiye mbinafsi mkubwa, maana ndiye mwenye orodha ndefu. Ninaona mambo ni kinyume. Mtu anaweza kuomba amani ya dunia nzima kwa kiburi kinachonuka, na mwingine akaomba kilo mbili za unga kwa unyenyekevu mtupu. Ubinafsi unaanza pale mwombaji anapojigeuza mwenye mali na kumfanya Mungu kuwa mtunza ghala wake.

Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshatufundisha jambo hili kabla ya wahubiri. Mtu akiingia dukani na pesa yake mkononi, husema "naomba chumvi". Hadaiwi, haombi bure, atalipa mpaka senti ya mwisho, na bado anaomba. Mgeni mbele ya mlango ulio wazi husimama akapiga hodi, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka. Salamu ya mdogo kwa mkubwa, shikamoo, inasimuliwa kuwa asili yake ni kushika miguu. Utamaduni wa pwani umejengwa juu ya wazo kwamba hata unapokuwa na haki ya kitu, unakifikia kwa kuinama kidogo. Ndiyo maana waliotafsiri sala za Kikristo kwa Kiswahili, kuanzia kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake Unguja, hawakulazimika kubuni kitenzi. Kuomba kulikuwepo, kukiwa na adabu yake kamili.

Sasa wasikilize waombaji wa leo redioni na kwenye viwanja vya mikutano, kisha uhesabu vitenzi. Naamuru. Nadai. Nakataa. Napokea. Nakiri kwamba ni yangu. Naomba yenyewe imekuwa adimu, kana kwamba ni neno la watu wasio na imani ya kutosha. Sisemi kwamba kila asemaye "napokea" ana kiburi. Wengi wamelipokea tu kama walivyopokea mtindo wa kupiga makofi. Hata hivyo maneno yana kazi yake hata pale msemaji asipoikusudia. Mtoto aliyezoea kumwambia mama yake "nadai chai" atakuwa mtoto wa namna nyingine kabisa, hata kama chai ni ileile na mama hakukasirika.

Injili ya Luka, sura ya 18, ina mfano unaotajwa kila mara katika habari hii, ila nadhani tunausoma haraka mno. Watu wawili walipanda hekaluni kusali, mmoja Mfarisayo, mwingine mtoza ushuru. Tunakumbuka kwamba wa kwanza alijisifu na wa pili alijipiga kifua. Tunachosahau ni maudhui ya sala zao. Mfarisayo hakuomba chochote. Rudia kuisoma sala yake: hana ombi hata moja. Alikuwa anashukuru tu, akataja kufunga kwake mara mbili kwa juma na zaka yake. Kwa kipimo cha wale wanaosema kujiombea ni ubinafsi, yeye ndiye angeshinda. Mtoza ushuru kwa upande wake hakumwombea mtu mwingine yeyote. Hakutaja Israeli, hakutaja wajane, hakutaja hata wale aliowatoza kupita kiasi. Alijiombea mwenyewe, sentensi moja, ya kuhurumiwa. Na huyu ndiye Yesu anayesema alikubaliwa.

Hilo linavunja mgawanyo tuliouzoea. Tofauti ya wawili wale haikuwa kwamba mmoja aliomba mengi na mwingine machache, au kwamba mmoja alijiombea na mwingine aliwaombea wengine. Mfarisayo alihitaji jirani duni ili sala yake ikamilike. Alimtaja kabisa yule mtoza ushuru kama kipimo cha ubora wake. Alimtumia Mungu kama kioo na jirani kama ngazi. Mtoza ushuru alisimama mbali, na katika sala yake hamkuwa na mtu wa kulinganishwa naye. Alikuwa na mkono mtupu, na mkono mtupu ndio unaoweza kupewa kitu.

Kuna pingamizi ambalo wahubiri wa mafanikio hulileta, nalo lina uzito: mbona Biblia inatuhimiza tuombe bila kuchoka, hata kwa kung'ang'ania? Ni kweli inahimiza. Hana alilia hekaluni mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Kipofu Bartimayo alipiga kelele na aliponyamazishwa akazidisha. Katika sura ileile ya 18 ya Luka, kabla tu ya Mfarisayo na mtoza ushuru, kuna mjane anayemsumbua kadhi mpaka anampa haki yake. Kwa hiyo unyenyekevu si kunyamaza, wala si kuomba kidogo kwa aibu. Lakini tazama wanachong'ang'ania. Mjane alitaka haki dhidi ya mtu aliyemwonea. Katika Luka 11 kuna mtu anayegonga mlango wa rafiki usiku wa manane akitaka mikate mitatu, na mara nyingi mfano huu hutumiwa kumwambia mtu agonge mpaka apate gari. Mikate ile haikuwa ya mgongaji. Ilikuwa ya mgeni aliyemfikia safarini, na yeye hakuwa na cha kumwandalia. Mtu wa pwani anaielewa aibu hiyo bila kuhubiriwa. Hana naye, aliyeomba mtoto kwa machozi, alimtoa mtoto huyohuyo kwa utumishi wa hekalu.

Andiko lingine linalobebeshwa mzigo usio wake ni la Malaki sura ya 3, linalozungumzia zaka na madirisha ya mbinguni. Limekuwa msingi wa mafundisho ya kupanda mbegu: toa fedha, andika ombi lako kwenye bahasha, kisha subiri mavuno. Ukitaka kujua zaka ile ilikuwa ya nini, fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Kila mwaka wa tatu ilikusanywa ili Mlawi asiye na ardhi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Nehemia, sura ya 13, anasimulia jinsi Walawi walivyokimbilia mashambani kwa sababu hawakupewa chakula chao. Ghala lililozungumziwa lilikuwa ghala la chakula cha wenye njaa. Kulichukua andiko hilo na kulifanya mkataba ambao mjane ndiye anayetoa na mwenye ghala ndiye anayenenepa ni kuligeuza nje ndani, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Matunda yake tumeyaona. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoelezwa kuwa ya upako. Hawakuwa wabaya. Ukiwafikiria vizuri utaona walikuwa wagonjwa, wenye madeni, wazazi wenye watoto waliofeli, watu waliochoshwa na milango inayofungwa. Lakini mtu akishafundishwa kwamba baraka iko mahali fulani, kwa saa fulani, na ni ya anayewahi, jirani yake aliye mbele anakuwa kizuizi. Hapo ndipo ubinafsi ninaouzungumzia unapoonekana kwa macho. Haukuwa katika ombi la kuponywa. Ulikuwa katika mafundisho yaliyoifanya neema kuwa kitu cha kugombaniwa mlangoni, kana kwamba Mungu ana akiba ndogo itakayokwisha kabla ya jioni.

Mafundisho hayo yana upande mwingine mkali zaidi, wa kumlaumu aliyekosa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyosheheni kupita kiasi ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi. Zaidi ya watu 200 walikufa. Hakuna shaka kwamba ndani ya meli ile waliomba karibu wote, na kwa imani yote waliyokuwa nayo. Walionusurika hawakuwa na imani kubwa kuliko waliozama. Walikuwa na godoro lililoelea, au walijua kuogelea, au waliokotwa mapema. Mtu yeyote anayefundisha kwamba sala sahihi hupata jibu sahihi sharti awe tayari kusimama mbele ya familia za Pemba na kuwaambia ndugu zao waliomba vibaya. Yesu alikutana na hesabu ya namna hiyo. Katika Luka 13 anautaja mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, na anakanusha kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mnara unaanguka kwa sababu umejengwa vibaya au umechakaa. Meli inazama kwa sababu imepakiwa kupita uwezo wake. Sala haifuti kosa la aliyepakia.

Basi mtu atauliza, kama Mungu anajua kila kitu na hatuwezi kumwamuru, kuna haja gani ya kuomba? Mkristo hana jibu la kifalsafa lililo bora kuliko usiku wa Gethsemane. Yesu aliomba jambo la kibinafsi kabisa: asife. Aliliomba mara tatu, kwa hofu na huzuni, wala hakujifanya jasiri. Kisha akaliacha ombi lake mikononi mwa Baba, na alichokiomba hakikutokea. Mtume Paulo naye, katika waraka wa pili kwa Wakorintho sura ya 12, anasema aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa, akakataliwa. Kama kigezo cha sala njema ni kupata, Gethsemane ilikuwa sala iliyoshindwa. Kanisa halijawahi kusema hivyo. Limesema kwamba mtu anaweza kumweleza Mungu haja yake yote bila kuipunguza, na bado akamwachia uamuzi. Mambo hayo mawili yakikaa pamoja ndipo neno kuomba linapata maana yake kamili. Ukiondoa la kwanza unabaki na unyenyekevu wa kuigiza, wa mtu anayeogopa kusema anachotaka. Ukiondoa la pili unabaki na amri.

Waraka wa Yakobo unayaunganisha haya katika sura moja, ya 4, kwa namna ambayo msomaji wa pwani ataifurahia. Mwanzoni mwa sura anawaambia waumini kwamba wanaomba wasipate kwa kuwa wanaomba vibaya, ili wakitumie wanachopata kwa tamaa zao. Na kabla ya hapo ametaja vita na ugomvi kati yao, maana tamaa ya mmoja hugongana na ya mwenzake. Mwishoni anawageukia wafanyabiashara wanaosema watakwenda mji fulani, watakaa mwaka, watafanya biashara na kupata faida. Anawaambia afadhali waseme Bwana akipenda. Mkristo anayeishi Kengeja husikia maneno hayo mara ishirini kwa siku midomoni mwa majirani zake: inshallah. Nakubali kwamba neno hilo hutumika pia na mtu ambaye hana nia ya kuja kesho. Lakini katika maana yake halisi ni fundisho la Yakobo lililoingia katika mazungumzo ya kila siku, na Mkristo anayelisikia hana sababu ya kujiona amezungukwa na wageni.

Kuna mengine ya kujifunza kwa majirani hao. Waislamu wana neno riya, yaani kufanya ibada ili kuonekana na watu, na wanazuoni wao wamelionya kwa ukali kama Yesu alivyoonya katika Mathayo 6 dhidi ya wanaosali wakisimama pembe za njia. Wana sala ya istikhara, ambayo mtu aliye njia panda humwomba Mungu amchagulie lililo na kheri, na kama halina kheri amwepushe nalo. Hizo ni dini mbili, na tofauti zake si ndogo. Sipendi mtindo wa kuzikorogakoroga ili zionekane sawa. Ila katika adabu ya kuomba, kati ya Mkristo anayemwamuru Mungu kwa kipaza sauti na jirani yake anayeomba istikhara chumbani, ni huyu wa pili aliye karibu zaidi na Gethsemane.

Pemba ina ushahidi mwingine, huu wa Kikristo. Mwaka 1897, mwaka ule wa amri ya Sultani, Marafiki wa Uingereza, wanaojulikana pia kama Wakweka, waliwatuma Henry Stanley Newman na Theodore Burtt. Walinunua shamba la karafuu mahali paitwapo Banani, karibu na Chake Chake, ili waliotoka utumwani wafanye kazi kwa mshahara, na Burtt akaishi kisiwani miaka mingi. Mapokeo ya Marafiki wa Uingereza ni kukutana kimya: hakuna altare, hakuna padri, watu huketi wakisubiri, na atakayesukumwa kusema husema kisha hukaa. Ukimya wa namna hiyo hauna pa kuweka "naamuru". Mtu anayesubiri amekiri tayari kwamba si yeye mwenye neno la mwisho. Wakati huohuo lazima tuwe wakweli: mtu aliyeachiwa huru akafika Banani alikuwa anatafuta kazi, mahali pa kulala na ulinzi dhidi ya bwana wa jana. Je, sala yake katika nyumba ya Marafiki ilikuwa ya maslahi? Ilikuwa, na sioni aibu yake. Mtu mwenye njaa anayeomba chakula hajamfanya Mungu mtunza ghala. Amemwendea kama mwana anavyomwendea baba.

Hata ukimya una hatari zake, kwa sababu unyenyekevu ni kitu cha ajabu: ukiutambua ndani yako, umeshaanza kuondoka. Uamsho wa Afrika Mashariki unafundisha hilo. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana Namirembe, Kampala, na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wawili hao walisoma Biblia na kusali pamoja, na kutoka hapo likakua vuguvugu lililoenea Uganda, Kenya, Kongo na Tanganyika, likafika mpaka Bukoba. Alama yake kuu ilikuwa toba ya wazi, mzungu akimwomba radhi Mwafrika, mume akimwomba radhi mke, mwizi akirudisha alichoiba. Katika dunia ya ukoloni hilo lilikuwa jambo zito. Lakini watu wa vuguvugu hilo, walioitwa Waliookoka, nao walishtakiwa kwamba toba yao imekuwa kipimo cha kuwahukumu wasiotubu kwa mtindo wao. Mwaka 1941 wanafunzi 26, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono kwa mgogoro uliohusu pia mikutano yao ya alfajiri ya kusali na kuhubiri. Wao waliona wanazuiwa kusali. Uongozi uliona kiburi cha kiroho kinachoasi. Bila kuwahukumu, mtu anaona jinsi mtoza ushuru anavyoweza, baada ya miaka kadhaa ya kujipiga kifua hadharani, kuanza kumtazama aliye nyuma na kushukuru kwamba hayuko kama yeye.

Nimebakiza pingamizi zito kuliko yote. Ni rahisi, watasema, kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa unyenyekevu. Wakoloni walifanya hivyo, na wenye mashamba kabla yao: inama, subiri, thawabu iko mbinguni. Kama unyenyekevu wa sala unazaa watu wanaovumilia kila uonevu, basi afadhali "naamuru" ya mlokole wa mjini, ambayo angalau inampa mtu nguvu ya kuamka asubuhi na kufungua kibanda chake. Kwa kiasi fulani nakubaliana nao. Mahubiri ya mafanikio yamewajaza watu kwa sababu yanazungumzia kodi ya nyumba na ada ya shule, wakati makanisa mengine yanazungumzia mambo yasiyogusa meza ya mtu. Lakini Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia 1908 hadi alipofariki 1924, anaonyesha kwamba njia hizo mbili si pekee zilizopo. Weston alikuwa mtu wa sala ndefu na heshima kubwa kwa sakramenti. Mwaka 1920 alichapisha kijitabu cha kushambulia kazi za kulazimishwa katika Afrika Mashariki, akiwashutumu watawala wa nchi yake mwenyewe. Mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana London, aliwaambia kwamba hawawezi kumwabudu Kristo altareni huku wakimpita Kristo aliye kwenye vibanda vya maskini. Aliyeinama mbele ya Mungu alisimama wima mbele ya serikali. Mara nyingi ndivyo ilivyo: anayejua nani ni Bwana hadanganyiki kwa urahisi na mabwana wadogo.

Sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi ina ombi la riziki katikati yake, tena riziki ya leo, wala si ya kuweka ghalani. Na viwakilishi vyote vya anayeomba ndani yake ni vya wingi. Mtu aliyejifungia chumbani peke yake bado anaomba riziki yetu. Nadhani hapo ndipo majirani wawili wa Kengeja tuliowaacha na wingu lao wanaweza kukutana. Mwenye karafuu hazuiwi kuomba jua. Asiombe kana kwamba mhogo wa jirani haupo. Anaweza kuomba jua huku akiwahi kukunja majamvi, na mvua ikishuka akamsaidia jirani kupalilia mhogo, na jua likiwaka jirani akaja kumsaidia kugeuza karafuu. Hakuna aliyepunguziwa haja yake, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake mbele ya Mungu.

Turudi hekaluni. Luka haandiki kwamba mtoza ushuru alipandishwa cheo, wala kwamba madeni yake yalilipwa, wala kwamba majirani walianza kumsalimu njiani. Ameandika kwamba alishuka akaenda nyumbani kwake akiwa amehesabiwa haki, na yule mwenzake hakuhesabiwa.